Vitabu Kumi na Kimoja vya Wacera

Nilijua sanduku ni tupu kabla sijalifungua. Lilikuwa la bati, linakaa chini ya kitanda changu, na kila Alhamisi nikitoka kazini nililivuta kwa mikono miwili huku nimeegemeza goti kwenye ukingo wa kitanda, maana vitabu kumi na kimoja vyenye majalada magumu si mzigo wa mzaha. Alhamisi hiyo lilikuja kwa mkono mmoja. Nikalifungua hata hivyo. Ndani kulikuwa na penseli mbili na gazeti kuukuu nililokuwa nimetandika kuzuia unyevu.

Mwingine angepiga mayowe. Mimi Wacera wa Kinyanjui si mtu wa mayowe, muulizeni yeyote mtaani kwetu Shauri Moyo, Nairobi. Nilikaa kitandani na koti langu la kazini, nikavitaja vile vitabu kimoja kimoja kimoyomoyo, na jinsi nilivyopata kila kimoja. Kisha nikaondoka kwenda kumwuliza mama.

Mama alikuwa uani anachambua mchele wa Jumamosi. Jumamosi hiyo ndiyo wazee wa Wekulo walikuwa wanakuja kuniposa. Huyo Wekulo alikuwa fundi wa vyuma kule Kariobangi, Mbukusu kutoka Kimilili, mrefu, mpole wa kusema, na mimi nilikuwa nimempenda miaka miwili kwa moyo wangu wote. Bado nampenda hata sasa ninapowasimulia haya kwa hasira.

Nikamwuliza mama vitabu vyangu viko wapi. Aliniangalia kwa mshangao ambao haukuwa wa kuigiza, kwa sababu mama yangu Lydiah hajui kuigiza. Mikono ikasimama juu ya ungo.

"Si vilichomwa jana kwenye ushirika wetu wa waliookoka? Wekulo alikuja mchana ukiwa kazini, tukavitoa pamoja. Nilimwuliza, je, Wacera mwenyewe amekubali? Akaniambia umekubali kwa roho safi."

Mama aliuona uso wangu, akadhani namsikitikia shetani aliyenitoka, akaniambia kwa upole kwamba nitazoea na kwamba Bwana atanipa kitu bora zaidi. Nilifunga mkanda wa koti langu, nikatoka.

Sasa msinielewe vibaya, wala msimwelewe vibaya mama. Vitabu vyenyewe havikuwa vitabu vya kawaida. Mimi kazi yangu ni kwenye kiwanda cha uchapaji kule Industrial Area, ninasoma karatasi za majaribio na kutafuta makosa kabla hazijapigwa chapa. Mtu wa kazi hiyo hawezi kupita penye vitabu vilivyotumika bila kusimama. Mwaka wa sabini na tisa, pale soko la Gikomba, kwenye rundo la vitabu vya Wazungu waliouza vyombo vyao wakarudi kwao, niliokota kimoja chenye picha ya joka la pembe mbili. Nilipokifungua nikakuta si hadithi. Kilikuwa kitabu cha kanuni za kutunga hadithi, watu wameketi mezani pamoja. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, shujaa au mganga au mwizi, na msimulizi anamwuliza: mtu wako anafanya nini? Mwenzake anajibu, dadu zinarushwa kuamua kama ataweza au atashindwa, na hadithi inaendelea. Hakuna ubao wala karata. Kuna maneno yenu tu, na dadu za pande nane na pande ishirini ambazo Nairobi nzima hazikuwa zikiuzwa.

Nilikisoma mara nne. Baada ya hapo nikawa mgonjwa wa vitabu vya namna hiyo. Nilijuana na wauzaji wote wa vitabu kuanzia Gikomba hadi River Road, wananiwekea chochote chenye joka. Nilipata cha pili baada ya mwaka mzima, cha tatu kikiwa kimeliwa na mchwa pembeni. Miaka sita, vitabu kumi na kimoja. Na kila Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tukikutana kwa rafiki yangu Syombua, nyumba ya tatu kutoka kwetu, watu watano, mimi nikisimulia kwa Kiswahili kile kilichoandikwa kwa Kiingereza. Wekulo aliletwa na Syombua. Jumapili ya kwanza hakusema neno. Jumapili ya pili alikuja na kitambaa kimefungwa fundo, akakifungua mbele yangu, na ndani mlikuwa na dadu alizokata na kusugua kwa tupa kutoka kwenye shaba ya bomba za maji. Alikuwa amehesabu pande zote. Akaniambia asiulizwe kama ziko sawa, kwa sababu ile ya ishirini inapenda sana kuangukia saba. Nikamtazama machoni, naye akanitazama, na tangu siku hiyo tukawa hatuachani.

Mama alijua habari hizi kutoka kwa jirani wa Syombua, dada wa ushirika, ambaye Jumapili moja alikuwa amesikia ukutani sauti yangu mimi bintiye ikiuliza, "Syombua, mchawi wako anafanya nini?" na sauti nene ya mwanamume ikijibu, "Tumeshawaua wote wanne, sasa tugawane mali." Dada yule hakungoja kusikia zaidi. Alimkimbilia mama kumwambia kwamba Wacera yumo katika genge la majambazi, na genge lina mchawi wake. Mama akavuta sanduku langu, akaliona lile joka la pembe mbili, akakimbilia Ufunuo sura ya kumi na tatu, penye mnyama wa pembe mbili anenaye kama joka. Tangu siku hiyo hatukuwa na amani. Kwamba Wekulo si Mkikuyu lilimsumbua mwezi mmoja tu, akalimeza kwa sababu kijana alikuwa na heshima na anajua kuomba. Lakini vile vitabu hakuvimeza.

Nilishuka basi Kariobangi jua likiwa bado juu ya mapaa. Wekulo alikuwa ameinamia bati analipiga nyundo, amelikunja liwe ubavu wa jiko. Aliponiona aliacha nyundo. Alijaribu kutabasamu akashindwa, na hapo nikajua hatajaribu kuficha kitu.

"Umekuja na basi?" akaniuliza.

"Nimekuja na hasira. Basi lilinisindikiza tu."

Alifuta mikono kwa ovaroli, akanisogezea kiti. Sikuketi. Mafundi wenzake wakakumbuka kwamba wana kazi upande wa pili wa banda, Mungu awabariki.

Akanieleza. Alieleza kwa mpangilio, kama anavyofanya kila kitu. Mama alimwita Jumapili iliyopita, akamwambia kwamba wazee wake wakija watapokewa, watalishwa, hakuna atakayewafukuza, lakini baraka yake yeye haitaingia katika nyumba yenye vitabu vile. Wekulo alikuwa amelala siku tatu na neno hilo. Mama yake mwenyewe alikuwa amekufa yeye akiwa darasa la pili, na hakutaka kuanza ndoa akiwa ameshaudhi mama mwingine.

"Nikafikiri," akasema, "vitabu vinapatikana vingine. Mama hapatikani mwingine."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini si hilo lililonileta.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Kwa hiyo jibu langu ulikuwa nalo. Ulilijua, ukaliacha, ukaenda kwa mama yangu na jibu lingine ulilolitengeneza mwenyewe."

Nikamwuliza kwenye meza yetu, katika kanuni zote za vile vitabu alivyovitia motoni, ni kanuni ipi moja ambayo nimewahi kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu yake. Aliinamisha kichwa. Alijua. Unaweza kukosea dadu, unaweza kufa, unaweza hata kumwibia mwenzako. Lakini husemi mtu wa mwenzako amefanya nini. Kila mtu husema la mtu wake. Mwaka uliotangulia jamaa mmoja wa Kariobangi alisema kwamba mganga wa Syombua amempa dawa, wakati Syombua hajafungua mdomo, nami nikamfungia nje wiki mbili na hakuna aliyelalamika.

"Kwa mchezo uliniheshimu, Wekulo. Miaka miwili hujamsemea hata punda wa Syombua. Halafu mimi mwenyewe, mimi niliye na damu, ndiye wa kusemewa?"

"Nimekosa," akasema. Macho yalikuwa yamemlowa. "Wacera, nimekosa. Nitamwambia mama yako ukweli."

"Lini?"

"Baada ya Jumamosi. Wazee wameshatoka nyumbani, kesho wataingia Nairobi. Nikisema sasa, mambo yote yataharibika mbele yao."

Hapo ndipo nilipotamani kumpiga na lile bati. Nilimpenda, mnaelewa? Nilikuwa nimesimama mbele ya mwanamume ninayemtaka kuliko mtu yeyote duniani, mikono yake imejaa masizi, nami nataka kuishika na nataka kumpasua kichwa. Nikavuta pumzi.

"Sawa," nikamwambia. "Njoo Jumamosi na wazee wako. Hakuna aliyekukataza kuja."

"Na baba yako akikuuliza mbele yao kama umenikubali, utasema nini?"

"Utasikia ukiwa umeketi."

Ijumaa nilifanya kazi zangu zote. Nilisafisha kioo cha taa, nikafua vitambaa vya makochi. Syombua alikuja kunisuka, na nilipomweleza akaniambia niende moja kwa moja kwa mama nimmwagie yote, mambo yaishe. Ningeweza. Mama angemfutia Wekulo Jumamosi yake kabla chai haijachemka. Lakini uongo ule ulitoka kwenye mdomo wa Wekulo, na mimi sikuwa tayari kuusemea. Nikamwambia Syombua asuke tu.

Wageni walifika saa saba mchana. Walikuwa watano, wakiongozwa na Mzee Mulama, ndugu wa baba yake Wekulo, mwenye fimbo na kofia aliyoivua mlangoni. Shangazi Selpher alikuwa amebeba blanketi la zawadi kwa baba yangu. Wekulo alikuja nyuma yao na kreti ya soda kwenye kila mkono, amevaa suti ya kaki, hajalala. Baba yangu, fundi wa mbao ambaye hutumia maneno machache kuliko misumari, aliwakaribisha akawaketisha. Mama akasema Bwana asifiwe, wote wakajibu. Tukala. Mzee Mulama akazungumza juu ya mvua, juu ya mahindi ya Kimilili, juu ya safari, na mwisho kabisa akasema wameona ua katika boma hili na wamekuja kuuliza kama lina mwenyewe.

Kwetu kuna desturi, na wageni walikuwa wameelezwa. Zamani ilikuwa pombe ya asali, lakini nyumba yetu imeokoka, kwa hiyo ni soda. Vinywaji vilivyoletwa na wageni haviguswi. Binti anaitwa mbele ya watu wote, baba anamwuliza kama vinywewe. Akikubali, anafungua chupa ya kwanza, anaonja, anampa baba yake, na ndoa imeanza. Akikataa, kreti zinarudi zilikotoka. Hakuna mtu mwingine anayeweza kumjibia, si mama wala baba wala mchumba. Mchumba siku hiyo hata haruhusiwi kusema. Wazee wake ndio mdomo wake.

Nikaitwa. Nikasimama katikati ya chumba, kreti mbili miguuni pangu.

"Wacera," baba akasema. "Watu hawa wametuletea vinywaji. Tunywe?"

Nikamtazama Wekulo. Sikumkazia macho wala kumkunjia uso. Nilimtazama tu, nikanyamaza.

Kimya cha namna hiyo kina urefu wake. Mwanzoni wageni walitabasamu, wakidhani ni aibu ya msichana. Halafu Shangazi Selpher akaanza kukunja ncha ya leso. Mama alikunja paji la uso. Baba akangoja, akauliza tena, kwa sauti ileile.

"Tunywe?"

Nilikuwa tayari kusema hapana. Nataka mjue hivyo. Neno lilikuwa mdomoni, na moyo ulikuwa unanipasuka, lakini lilikuwa limeshafika mdomoni. Ndipo Wekulo akasimama.

Mzee Mulama alimvuta koti. Akamnong'oneza kwa Kibukusu, akavuta tena. Wekulo aliutoa ule mkono polepole, kwa heshima, akabaki amesimama.

"Mnisamehe wazee. Najua leo si siku yangu ya kusema." Akageukia mama yangu. "Mama, Jumatano nilipokuja kuchukua vile vitabu, uliniuliza kama Wacera amekubali."

"Nilikuuliza," mama akasema.

"Nikakuambia amekubali. Mama, hakukubali. Sikuwa nimemwuliza. Hakujua kitu mpaka aliporudi akakuta sanduku tupu. Nilikudanganya ndani ya nyumba yako ili unipende. Yeye alikuwa na nafasi ya kunishtaki kwako siku mbili hizi na hakunishtaki. Kwa hiyo nikirudi Kariobangi na kreti hizi, nimejitakia."

Hakuketi. Mzee Mulama aliufunika uso kwa kofia. Baba aliangalia dari, na mimi nilijua anaangalia dari kwa sababu gani, yeye hufanya hivyo akizuia kucheka au kulia. Lakini wote tulikuwa tunamngoja mama.

Mama yangu amekuwa katika ushirika miaka kumi na minane. Kila wiki husimama mbele ya watu akakiri makosa yake kwa sauti, hata ya kumsengenya muuza mkaa. Alikaa akiitazama mikono yake.

"Mtu akileta kitu chake kwa hiari, tukakichoma, ile ni sadaka," akasema taratibu. "Asipokileta, ule ni wizi. Vile vitabu sikuvipenda na bado sivipendi, Mungu anajua. Lakini havikuwa vyangu, na havikuwa vya huyu kijana. Wacera, nimekuibia. Nisamehe."

Hapo machozi yalinitoka, mbele ya wageni, baada ya kujisifu kote kule. Nikamwambia nimemsamehe. Nikamwambia pia, kwa kuwa ukweli ulikuwa umefunguliwa mlango, kwamba joka la pembe mbili katika vitabu vile huwa linauawa kila mara, na yeye akasema mbona hukuniambia hilo zamani.

Wekulo alikuwa bado wima. Akanigeukia.

"Nimewauliza Mzee Mulama, shangazi, mama yako, baba yako hapa. Nimewauliza mafundi wa Kariobangi wote. Wewe sijakuuliza. Nilikuwa nadhani najua. Wacera, utakubali kuolewa na mimi?"

Miaka miwili nilikuwa nimelingoja swali hilo. Sikuharakisha.

"Sikiliza vizuri, na wazee wasikie," nikasema. "Vitabu vimeungua, mimi sijaungua. Kazi yangu ni kusoma. Vyote kumi na kimoja viko humu kichwani, na nitaviandika upya kwa Kiswahili, na safari hii milima itakuwa yetu na majina yatakuwa yetu. Wewe utashika kalamu niseme, uandike mpaka vidole viote sugu."

"Vina sugu tayari," akasema.

"Viote nyingine. Na kila Jumapili tutacheza, sasa, na tukiwa na watoto, na tukiwa wazee. Ukitaka mke wa namna hiyo, jibu. Sitakujibia."

"Namtaka," Wekulo akasema. "Namtaka huyo, sitaki mwingine."

Mzee Mulama aliitoa kofia usoni. Akamwuliza baba yangu kwa unyonge kama kwa Wakikuyu ndiyo desturi, binti kumposa mwanamume mbele ya wazee wake, maana wao hawakuelezwa sehemu hiyo. Baba akasema hata yeye anaiona leo. Wakacheka wazee wale, wakashikana mikono, na Shangazi Selpher akapiga kigelegele kilichomleta Syombua mbio hadi mlangoni.

Nikainama nikachukua chupa, nikaifungua. Soda ilikuwa imepata joto. Nikaonja, nikampa baba kwa mikono miwili, naye akanywa yote bila kupumua. Wekulo alinitazama juu ya vichwa vya watu na sikuondoa macho yangu kwake. Hasira yangu haikuwa imekwisha yote, na nilimwonyesha hivyo, naye aliiona akatabasamu. Nilijua nitaimaliza nikiwa mkewe.

Watu walipokuwa wakigawiwa chupa, mama alinivuta pembeni karibu na kabati la vyombo. Alinirekebishia kola ya gauni, ambayo haikuwa na kasoro.

"Huo mchezo wenu," akasema. "Mnauchezea kwa Syombua, ukuta kwa ukuta na watu wenye masikio. Kwa nini usichezewe hapa?"

"Hapa kwako, Mama?"

"Mlango wazi. Niwe naona." Akageuka akaanza kupanga vikombe kabatini, amenipa mgongo. "Mko wangapi?"

"Watano," nikamwambia.

Akahesabu vikombe vitano, akasita, akatoa cha sita.